Nyumba ya pili kwa mkopo, au niuze ya kwanza?

Mpendwa mshauri,

Nina nyumba moja ya kupangisha, yenye sehemu nne zilizo chini ya paa moja. Kuinunua na kuimalizia, miaka 9 iliyopita, kulinigharimu 6,000 (hesabu zote nimezigawa kwa kiasi kimoja ili zisomeke kirahisi). Sehemu tatu zinalipa pango la 25 kila moja kwa mwezi. Ya nne inalipa 20, kwa sababu mpangaji wake amekaa miaka 6 na sijawahi kumpandishia. Jumla napata 95 kwa mwezi. Paa limechoka, fundi anasema halitavuka miaka mitatu na kulibadilisha ni 700.

Sasa dalali ameniletea nyumba nyingine ya sehemu tano, pango 23 kila moja, yaani 115 kwa mwezi. Muuzaji anataka 12,000. Nina akiba ya 4,500. Benki iko tayari kunikopesha asilimia 70 ya bei kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, miaka 15, na rejesho ni 85 kwa mwezi. Nikitoa 85 kwenye 115 nabaki na 30 kila mwezi, na mwisho wa mkopo nyumba ni yangu. Mume wangu anaogopa deni.

Dalali huyohuyo ana mteja anayetoa 15,000 kwa nyumba yangu ya sasa, lakini sioni sababu ya kuuza kitu kinachonipa asilimia 19 kwa mwaka. Je, nichukue mkopo? Na yule mpangaji wa 20, nimpandishe hadi 25 mara moja ili anisaidie kulipa benki?

Mwenye nyumba moja

*

Dada mwenye nyumba moja,

Tuanze na hiyo 30, maana uamuzi wako wote umeegemea hapo. Umetoa rejesho kwenye pango kamili, kana kwamba sehemu zote tano zitakuwa na watu miezi yote 12, kila mmoja atalipa kwa wakati, na jengo halitadai chochote. Nyumba za kupangisha haziendi hivyo.

Nyumba ya sehemu tano ina miezi 60 ya upangaji kwa mwaka. Ukikosa mitano tu kati ya hiyo, kwa mpangaji kuhama, kuchelewa au kuondoka na deni, umeshapoteza pango la mwezi mzima wa nyumba nzima. Hicho ni kiwango cha kawaida, si cha mkosi. Kwa hiyo pango la mwaka, 1,380, linashuka hadi 1,265. Toa bima, kodi ya majengo, taa za nje, usafi, taka na kunyonya shimo la choo: tuweke 110. Toa 70 ya matengenezo madogo, yaani vitasa, koki, soketi, kupaka rangi kati ya mpangaji na mpangaji. Kisha weka kando 120, ambayo ni asilimia 1 ya bei, kwa vitu vikubwa visivyokuja kila mwaka lakini lazima vije: paa, tangi, mabomba, nyaya. Kwa jengo jipya asilimia 1 inaweza kutosha. Kwa jengo la zamani ni kidogo. Haya ni makadirio yetu, na ukipata namba halisi za nyumba hiyo ziweke mahali pake. Hapa kilichobaki ni 965 kwa mwaka.

Rejesho la mwaka ni takriban 1,022. Unakosa 57. Ile 30 ya kila mwezi, ambayo kwa mwaka ingekuwa 360, haipo, na badala yake unatoa mfukoni. Na hapo bado hatujagusa kodi ya mapato. Kuna sheria zinazotoza pango lote linaloingia, na kuna zinazotoza faida baada ya kutoa gharama na riba. Kwa mtu mwenye mkopo tofauti ya hizo mbili ni kubwa mno, kwa hiyo uliza kwenu ni ipi kabla ya kusaini chochote.

Riba je, imefungwa kwa miaka yote 15 au benki inaweza kuibadilisha? Ikipanda hadi asilimia 11, rejesho linafika karibu 95.5 kwa mwezi na pengo lako linakuwa 181 kwa mwaka. Uliza pia kama riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye deni lote la mwanzo mpaka mwisho. Rejesho la 85 uliloandika linalingana na salio linalopungua. Asilimia 9 hiyohiyo ikihesabiwa kwenye 8,400 yote kwa miaka 15, rejesho ni karibu 110 kwa mwezi. Maneno “asilimia 9” peke yake hayatoshi. Dai jedwali la marejesho la mwezi kwa mwezi, na usome safu ya salio.

Kuna watakaokushauri urefushe mkopo hadi miaka 20. Rejesho litashuka hadi 75.6 na utapata ziada ndogo ya kama 58 kwa mwaka. Lakini riba yote utakayolipa inapanda kutoka takriban 6,940 hadi takriban 9,740. Unanunua pumzi ya kila mwezi kwa 2,800, na bado pumzi yenyewe ni fupi: sehemu moja ikikaa tupu miezi mitatu zaidi ya tulivyokadiria, ziada ya mwaka imekwisha.

Tatizo la pili ni fedha taslimu, na sisi hili linatutia wasiwasi kuliko hilo la kwanza. Mchango wako wa asilimia 30 ni 3,600. Gharama za kununua (wakili, upekuzi wa hati, tathmini, ushuru wa kuhamisha umiliki, ada ya benki) mara nyingi watu huzisahau. Tukizichukulia kuwa asilimia 6, ni 720. Umetumia 4,320, na mkononi imebaki 180. Paa la nyumba yako ya kwanza linataka 700. Mkopo wenyewe ukitaka uwe na akiba ya miezi 6 ya rejesho pamoja na gharama za kuendesha nyumba zote mbili, hiyo ni 700 nyingine. Wenye nyumba wengi wanaoshindwa huwa wamenunua nyumba inayofaa, ila hawakubakiza kitu cha kuwavusha miezi minne mibaya. Rejesho likikwama, benki haiulizi paa lilivuja lini.

Kwa masharti uliyopewa, basi, jibu letu ni hapana. Mume wako ana haki ya kuogopa.

Deni lenyewe si baya, na ni vizuri ujue ni kwa kiasi gani lingekubalika. Kipimo ambacho wakopeshaji wengi hutumia ni pato baada ya gharama kuwa angalau mara 1.25 ya rejesho. Kwako, 965 ukigawanya kwa 1.25 ni 772 kwa mwaka, yaani rejesho la karibu 64 kwa mwezi. Kwa riba na muda huohuo, rejesho hilo linabeba mkopo wa takriban 6,340. Maana yake, ama uweke mchango wa kama 5,660 kwa bei ya 12,000, ama ukibaki na mkopo wa asilimia 70 bei ishuke hadi karibu 9,000. Hizo ndizo namba za kwenda nazo kwa muuzaji na benki. Halafu soma kama benki inataka kuweka rehani nyumba zote mbili. Ikiwa ndivyo, kushindwa kwa ya pili kunaipeleka na ya kwanza.

Sasa ile asilimia 19. Umeipata kwa kugawa pango la mwaka, 1,140, kwa 6,000 uliyotoa miaka 9 iliyopita. Pango ni pato kabla ya gharama, na 6,000 haipo tena. Leo kilicholala kwenye nyumba hiyo ni 15,000 ambayo mtu yuko tayari kukupa. Swali la mwekezaji ni moja: fedha hii ya leo, ikiwa hapa, inazaa nini, na ikiwa kwingine ingezaa nini?

Tupime nyumba ya sasa kwa kipimo kilekile. Wapangaji wako wametulia, kwa hiyo tutoe nusu mwezi tu ya upungufu: 1,092. Toa 100 za uendeshaji, 80 za matengenezo madogo na 150 za akiba ya vitu vikubwa. Zinabaki karibu 760. Kwa thamani ya 15,000 hiyo ni asilimia 5 na kidogo. Ukiuza hutapata 15,000 kamili. Udalali, wakili na kodi ya faida ya mauzo, tukizichukulia asilimia 8, zinakuachia 13,800, na 760 juu ya hiyo ni asilimia 5.5.

Nyumba ya dalali, ukiinunua kwa fedha taslimu pamoja na gharama zake, ni 12,720, na inabakiza 965, yaani asilimia 7.6. Ukiuza ya kwanza na kununua ya pili bila mkopo, pato linapanda kwa 205 kwa mwaka, unabaki na 1,080 juu ya akiba yako ya 4,500, huna deni, na paa la 700 si lako tena. Njia uliyoitupa kwa sentensi moja ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya zote ulizotaja, walau kwenye karatasi.

Kwa nini tunasema walau? Kuna mambo mawili. Kwanza ni ukuaji wa thamani. Nyumba yako ya sasa ikipanda bei kwa 205 zaidi kila mwaka kuliko hiyo nyingine, na hiyo ni chini ya asilimia 1.4 ya thamani yake, faida ya kuhama inafutika. Kupanda kutoka 6,000 hadi 15,000 ni wastani wa karibu asilimia 10.7 kwa mwaka, ila sehemu ya hiyo ni fedha kupungua nguvu tu, na mtaa uliopanda jana haukuahidi kitu kesho. Tembea maeneo yote mawili na uhesabu vibao vya “inapangishwa”, uliza vimekaa muda gani, angalia kama maji na barabara vinaboreka au vinachakaa, na kama wapangaji wote wanategemea mwajiri mmoja. Mwajiri huyo akifunga, sehemu tano zinaweza kubaki tupu kwa mkupuo. Kumbuka pia kwamba kupanda kwa thamani ni fedha ya karatasi mpaka siku ya kuuza, wakati 205 unaishika.

Jambo la pili ni kwamba namba za nyumba yako unazijua kwa miaka 9, na za nyumba ile umeambiwa na mtu anayelipwa ukinunua, na huyohuyo analipwa tena ukiuza. Pango halisi likiwa 21 badala ya 23, pato baada ya gharama linashuka hadi 855 na faida ya kuhama inatoka 205 hadi 95. Tofauti ya 2 tu kwa kila sehemu imekula zaidi ya nusu ya sababu ya kuhama. Kwa hiyo fedha na muda wako sasa uviweke kwenye kuhakiki.

Dai mikataba ya wapangaji wote watano na kumbukumbu za malipo za miezi 12, za benki au za simu, si daftari lililoandikwa kwa kalamu moja kwa siku moja. Zungumza na kila mpangaji bila muuzaji wala dalali: analipa kiasi gani, aliingia lini, nini kimeharibika na kimeripotiwa mara ngapi. Wapangaji watatu wakiwa wameingia ndani ya miezi miwili iliyopita, shuku. Kuna wauzaji wanaojaza nyumba kwa haraka kabla ya kuuza, kwa kuwapa watu mwezi wa bure kisiri au kuweka ndugu zao kwa pango la juu ambalo halilipwi. Uliza pia amana za wapangaji ziko wapi. Ikiwa kila mmoja aliweka ya mwezi mmoja, hiyo ni 115 ambayo wewe ndiwe utakayedaiwa siku wakihama. Ikatwe kwenye bei na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano.

Kwenye hati, wakili wako, si wa muuzaji, afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi: jina, rehani, zuio la mahakama, ridhaa ya mwenza wa muuzaji. Mpima ardhi mwenye leseni aoneshe mipaka kwenye eneo lenyewe. Taka risiti za kodi ya majengo na bili za maji, kwa sababu mara nyingi madeni hayo humfuata mwenye nyumba mpya.

Kwenye jengo, nenda siku ya mvua au kesho yake, ukiwa na fundi unayemlipa wewe. Ingieni juu ya dari na kuzima tochi: matundu ya mwanga yanaonekana yenyewe, na kutu kwenye misumari inaonesha maji yamepita muda mrefu. Nyufa nyembamba kama unywele mara nyingi ni za plasta. Ufa unaokwenda kimshazari kutoka kona ya dirisha, wenye upana wa milimita 5 au zaidi, unaashiria msingi unaotitia, na huo ndio ugonjwa wa kukufanya uondoke bila kujadili bei. Rangi mpya kwenye mita moja ya chini ya ukuta tu, hasa ndani, huficha unyevu unaopanda kutoka ardhini. Gonga plasta usikie kama imeachana na ukuta, na utazame kama kuna chumvi nyeupe.

Fungeni koki zote na mtazame mita ya maji kwa dakika 30; ikisogea, kuna bomba linalovuja mahali usipopaona. Kisha fungua koki mbili na uvute choo kwa pamoja, sehemu ya mwisho kabisa kutoka kwenye tangi, uone kama maji yanakufa. Uliza shimo la choo linanyonywa kila baada ya muda gani. Likijaa kila baada ya miezi michache, uwezekano ni kwamba ardhi inayopokea maji imeziba, na kuchimba jingine hakumo kwenye 70 tulizoweka. Kwa umeme, angalieni kama kila sehemu ina mita yake. Mita moja kwa watu watano ni ugomvi kila mwisho wa mwezi, na anayefidia upungufu ni wewe. Fundi afungue kisanduku cha swichi kuu. Waya wa milimita 2.5 za mraba unaotoka peke yake kwenye kikata umeme cha ampea 32 unaweza kupata joto na kuungua kabla kikata hakijakata. Hilo huonekana sana pale mtu alipobadilisha kikata kikubwa ili umeme usikatike, akaacha waya uleule.

Kuhusu mpangaji wako wa 20, usimpandishe hadi 25 kwa mkupuo. Pengo ni 5 kwa mwezi, 60 kwa mwaka. Akihama, sehemu ikikaa tupu mwezi mmoja umepoteza 25, rangi na marekebisho baada ya miaka 6 si chini ya 30, na dalali wa kukutafutia mpangaji atataka pengine pango la mwezi, 25 nyingine. Jumla 80: utaifidia kwa miezi 16, na hiyo ni ikiwa anayekuja ni mlipaji. Ikikaa tupu miezi miwili, ni miezi 21. Mwandikie sasa, kwa muda wa notisi uliomo kwenye mkataba na sheria ya kwenu, kwamba pango litakuwa 22, na mwakani 23.5. Inakupa 24 mwaka wa kwanza bila siku moja ya mlango uliofungwa. Kabla ya barua kumfikia, rekebisha kile kitu kimoja ambacho amekuwa akikilalamikia. Kila mpangaji wa miaka 6 anacho.

Kuhusu mpangilio, usitoe malipo yoyote ya kushika nyumba kabla upekuzi wa hati haujarudi. Muuzaji akishikilia, yaandikwe kuwa yatarudishwa yote hati ikiwa na kasoro au fundi akikuta msingi mbovu. Mteja wa nyumba yako naye athibitishe kwa barua ya benki kwamba 15,000 anayo, kwa sababu ofa ya mdomo ya dalali haiwezi kuhesabiwa kama thamani. Usiuze kabla ukaguzi wa nyumba ya pili haujakamilika, wala usisaini kununua kabla fedha ya mauzo haijaingia au mikataba miwili haijafungwa siku moja mbele ya wakili. Vinginevyo utajikuta unahitaji ule mkopo kwa lazima, na kwa masharti mabaya kuliko haya.

Namba za ile nyumba zisipothibitika, baki na yako: toa 700 kwenye akiba ubadilishe paa kabla ya msimu wa mvua, anza kutenga 12 au 13 kila mwezi kwenye akaunti ya peke yake (ndiyo ile 150 ya mwaka ya vitu vikubwa), na 3,800 iliyobaki iache mahali inapozaa huku ukitafuta nyumba ambayo mchango wako unaweza kufika nusu ya bei.